Namna ya Kuandika Historia ya Rejimenti ya Wapanda Farasi wa Kujitolea Ukiwa Nairobi

Mkazi wa Nairobi anayetaka kuandika historia ya rejimenti ya wapanda farasi waliojitolea katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa kati ya mwaka 1861 na 1865, hana haja ya kudhani kwamba kazi hiyo ni ya walio Washington peke yao. Karatasi nyingi za vita hivyo zimepigwa picha na kuwekwa katika intaneti, na zile zilizotengenezwa na serikali kuu ya Marekani ni mali ya umma, hivyo mwenye kompyuta, bando la kutosha na subira anaweza kuzisoma akiwa Buruburu au Kawangware bila kumlipa mtu. Ugumu uko kwingine. Rejimenti nyingi zilikwisha kuandikiwa vitabu na wazee waliopigana ndani yake, na wazee hao walipenda kusimulia panga zilizochomolewa na bendera zilizookolewa, huku wakiyapita haraka mambo yaliyowasumbua kila siku: njaa, kuhara, farasi waliochechemea na mishahara iliyochelewa. Mwandishi wa leo akiwafuata bila kuuliza, atawarudia tu. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unashauri kwamba kazi ianzie kwenye orodha za majina na hesabu za farasi, na mapigano yasubiri.

Kuchagua rejimenti

Rejimenti za kujitolea ziliundwa kwa sehemu kubwa na majimbo. Gavana alipewa idadi ya askari wa kutoa, watu wenye ushawishi katika wilaya wakakusanya vijana, na mara nyingi kombania moja ilitoka katika mji mmoja na vijiji vyake. Rejimenti kamili ya wapanda farasi ilikuwa na kombania 12, zilizotajwa kwa herufi kuanzia A hadi M bila kutumia J, na kila kombania iliyojaa ilikaribia watu 100. Jambo la herufi ni dogo, lakini asiyelijua anaweza kushinda siku nzima akiitafuta Kombania J ambayo haikuwapo kamwe.

Mpenda visa atavutwa na rejimenti za Illinois na Iowa zilizoongozwa na Benjamin Grierson, mwalimu wa muziki ambaye alipigwa teke na farasi utotoni na hakuwapenda wanyama hao tangu hapo, lakini ambaye mwezi Aprili 1863 alipita katikati ya Mississippi na askari wapatao 1,700 akikata reli za adui hadi akatokea Baton Rouge. Ni kisa kizuri, na kwa sababu ni kizuri kimeandikwa mara nyingi mno. Mimi napendekeza rejimenti ambayo karatasi zake bado zina maswali, na katika mwongozo huu nitatumia mfano wa Rejimenti ya 5 ya Wapanda Farasi Weusi wa Marekani, iliyoundwa Camp Nelson, Kentucky, mwaka 1864. Haikuwa ya jimbo. Iliundwa chini ya serikali kuu, ijapokuwa jeshi liliwahesabu askari wake miongoni mwa wa kujitolea.

Kujitolea kwao kunapaswa kuchunguzwa tangu ukurasa wa kwanza wa historia yako. Kentucky ilibaki upande wa serikali kuu ya Rais Lincoln, kwa hiyo tangazo lake la uhuru la tarehe 1 Januari 1863, lililogusa maeneo yaliyoasi tu, halikuihusu, na utumwa uliendelea kuwa halali humo hadi Desemba 1865. Kijana mtumwa aliyeingia jeshini alikuwa huru siku hiyohiyo, na bwana wake aliruhusiwa kudai fidia ya hadi dola 300. Mke na watoto aliowaacha hawakuwa huru. Familia nyingi ziliwafuata wanaume hadi Camp Nelson, na mwishoni mwa Novemba 1864 jeshi liliwafukuza watu wapatao 400, wengi wao wanawake na watoto, katika baridi kali. 102 kati yao walikufa. Malalamiko yaliyofuata yalichangia kupitishwa kwa sheria ya Machi 1865 iliyowaweka huru wake na watoto wa askari. Mwandishi asiyeyaweka haya mbele ya msomaji atakuwa ameeleza namna watu walivyopanda farasi bila kueleza kwa nini walipanda.

Anayetaka kujizoeza kwanza na kikosi cha nyumbani anao East African Mounted Rifles, kilichoundwa papa hapa Nairobi mwezi Agosti 1914 na walowezi waliojitolea, baadhi yao wakija na farasi na nyumbu wao wenyewe. Vita vile havikuwa vya wenyewe kwa wenyewe, lakini mbinu ya utafiti ni ileile, na majalada na magazeti ya enzi hiyo yanasomwa katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa kwenye Barabara ya Moi, ndani ya jengo lililokuwa benki. Mtafiti akitoka hapo apite Kenyatta Avenue, asome maandishi ya sanamu ya askari, ambayo yanawataja askari na wapagazi Waafrika kwa ujumla wao, kisha ajiulize ni kikosi gani kati ya hivyo kilichoachiwa majina ya watu wake.

Kadi za askari

Kila askari wa rejimenti ya kujitolea ana bahasha yenye kadi zake katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Marekani. Kadi hizo hazikuandikwa vitani. Ziliandikwa kuanzia mwaka 1890 hivi na makarani wa Wizara ya Vita walionakili orodha za zamani ili maombi ya pensheni yajibiwe upesi, na kwa hiyo mtafiti anasoma nakala ya orodha iliyoandikwa na karani mwingine miaka 20 au zaidi kabla yake. Makosa yaliyoingia mara mbili ni ya kawaida.

Kadi ya kwanza huwa na umri, urefu, rangi ya ngozi, mahali pa kuzaliwa, kazi, tarehe na mahali pa kuandikishwa. Kwa watu wa Kentucky, mara nyingi bahasha ina pia jina la aliyekuwa akimmiliki askari. Zinazofuata zinaeleza, kwa kila miezi miwili, kama askari alikuwapo, alikuwa hospitalini, alitumwa kazi nyingine, alitoroka au alikufa. Fungua jedwali katika kompyuta, mpe kila mtu mstari mmoja na kila miezi miwili safu moja, na ujaze kombania moja mpaka mwisho kabla ya kugusa nyingine. Kazi hii inachosha, na haina njia ya mkato ninayoiamini. Orodha za majina za Idara ya Hifadhi za Taifa za Marekani, ile inayotunza mbuga na maeneo ya kihistoria, ambazo hutafutwa bure katika intaneti, zinasaidia kukuonyesha nani alikuwa wapi, lakini haziwezi kuchukua nafasi ya kadi zenyewe.

Majina yatakusumbua. Askari wengi wa rejimenti hii hawakujua kusoma, karani aliandika alichosikia, na mtu mmoja anaweza kuonekana kwa tahajia tatu katika bahasha moja; baada ya vita baadhi yao waliliacha jina la bwana wao wa zamani wakachukua la baba. Wakenya ambao vipande vya babu zao viliandikwa na makarani wasiojua lugha zao hawatashangaa. Usichague tahajia inayokupendeza na kuzifuta nyingine. Weka moja kuwa ya kutambulishia, na nyingine zote ziandikwe katika safu ya pembeni, kwa kuwa mojawapo ndiyo utakayoikuta baadaye katika faili la pensheni.

Ikiwa unahitaji karatasi ambayo haijapigwa picha, waandikie wahifadhi barua pepe ukitaja jina, rejimenti na kombania. Washington iko nyuma yetu kwa saa saba au nane kutegemea majira, basi mchana wetu ni alfajiri yao.

Farasi na magunia

Waandishi wengi hupita hapa mbio, na hapa ndipo rejimenti ya wapanda farasi inapotofautiana na nyingine yoyote. Kanuni za jeshi zilimpa farasi mmoja ratili 14 za nyasi kavu na ratili 12 za nafaka kwa siku, yaani takriban kilo 6.4 na kilo 5.4. Chukua farasi 400 tu. Nafaka yao ya siku moja inakaribia kilo 2,180, ambazo kwa gunia letu la kilo 90 ni magunia 24, na bado hujapakia nyasi. Safari ya siku kumi milimani ni magunia 240. Hakuna msafara wa nyumbu uliobeba mzigo huo katika njia nyembamba za kusini-magharibi mwa Virginia, kwa hiyo askari walichukua mahindi ya wakulima waliowakuta, na farasi walipokosa walikonda na kuachwa njiani.

Kwa hesabu hiyo mkononi, soma taarifa za kila mwezi za rejimenti zinazotofautisha farasi wanaofaa na wasiofaa. Utaona mara moja kwa nini rejimenti yenye watu 900 katika daftari inaweza kwenda vitani na 400. Serikali yenyewe ilitambua tatizo hilo, ikaunda ofisi maalumu ya wapanda farasi mwezi Julai 1863 na kujenga bohari kubwa ya farasi Giesboro, karibu na Washington. Rejimenti za pembezoni, kama hii ya Kentucky, zilipata mabaki.

Silaha zichunguzwe kwa namna hiyohiyo. Askari wa Rejimenti ya 5 walipelekwa vitani na bunduki ndefu za Enfield za askari wa miguu, ambazo hupakiwa risasi kupitia mdomo wa mtutu na haziwezi kupakiwa tena mtu akiwa juu ya farasi. Farasi wao hawakuwa wamefunzwa. Hao walikuwa wapanda farasi kwa jina na kwa usafiri. Walipofika kwenye mapigano walishuka.

Kusoma ripoti ya mapigano

Sasa ndipo tunafika Saltville, Virginia, tarehe 2 Oktoba 1864. Mji huo ulikuwa na viwanda vya chumvi, na bila chumvi majeshi ya Kusini, yaani ya majimbo yaliyoasi, yasingeweza kuhifadhi nyama. Jenerali Stephen Burbridge alitoka Kentucky na askari wapatao 5,000 ili kuviharibu, na kundi la Rejimenti ya 5 likaungana naye Prestonsburg.

Ripoti muhimu ni ya Kanali James Brisbin, ya tarehe 20 Oktoba 1864. Anaeleza kwamba kundi hilo lilikuwa na askari 600. Njiani askari weupe wa upande wao wenyewe waliwadhihaki, waliwavua kofia na kuwaibia farasi. Askari 100 waliachwa njiani kwa ugonjwa au kwa kuchoka kwa farasi, 100 walibaki bondeni kushika farasi, na 400 walipanda mlima kwa miguu dhidi ya maboma ya magogo na mawe. Waliyateka, wakayashika kwa zaidi ya saa mbili mpaka risasi zikakaribia kwisha, na jioni wakaondolewa. Kati ya hao 400, askari 114 na maafisa kadhaa waliuawa au kujeruhiwa. Waliorudi, anasema Brisbin, hawakusikia tena dhihaka.

Ripoti kama hii usiinakili mzima-mzima, wala usiidharau. Ihoji kwa mambo matatu. Kwanza, je, hesabu zake zinakubaliana na utaratibu wa jeshi? Kwa kawaida wapanda farasi wakishuka, mtu mmoja kati ya wanne hubaki na farasi, na 100 katika 500 ni karibu na hapo, basi hesabu inaaminika. Pili, mwandishi wake alikuwa na masilahi gani? Brisbin alikuwa na kazi ya kusajili askari weusi Kentucky, na sifa za askari hao zilikuwa sifa za kazi yake; hilo halimfanyi mwongo, ila linakutaka umtafutie shahidi mwingine. Tatu, karatasi nyingine za siku hiyo zinasema nini? Hapa utakutana na jambo linalotatiza: katika daftari rasmi rejimenti ilikamilishwa kuundwa tarehe 24 Oktoba, wiki tatu baada ya mapigano. Watu walipigana na kufa kabla kikosi chao hakijakamilika kwenye karatasi, na yeyote anayehesabu vifo kwa kuanzia tarehe ya kuundwa atawakosa.

Asubuhi ya tarehe 3, baada ya Burbridge kuondoka, majeruhi weusi walioachwa uwanjani waliuawa. Brisbin aliyataja mauaji ya waliotekwa, na daktari wa jeshi, William Gardner, aliyebaki na majeruhi, alitoa taarifa yake kuhusu waliotolewa hospitalini na kupigwa risasi. Ushahidi wenye uzito wa pekee umetoka upande wa pili: George Dallas Mosgrove, askari wa Kusini aliyechapisha kumbukumbu zake mwaka 1895, alieleza alivyosikia milio ya bunduki asubuhi hiyo na kukuta mauaji yakiendelea. Mtu anayeshuhudia jambo linaloaibisha upande wake hana sababu ya kulibuni. Champ Ferguson, mmoja wa wauaji, alishtakiwa Nashville na kunyongwa tarehe 20 Oktoba 1865, na kumbukumbu za kesi yake ni za kusomwa pia.

Waliuawa wangapi? Makadirio yametofautiana mno, kuanzia watu wachache hadi zaidi ya 100, na chanzo kimojawapo ni neno moja katika kadi: walioandikwa kuwa hawakuonekana. Rudi kwenye jedwali lako. Mfuate kila asiyeonekana katika kadi za Novemba na Desemba, kisha za mwaka 1865. Mmoja atarudi kikosini, mwingine atatajwa kuwa alifia hospitalini, na wapo ambao hawataonekana tena mahali popote. Andika makundi hayo kwa idadi zake, useme wazi kwamba kundi la mwisho linachanganya waliouawa mlimani na waliouawa asubuhi yake, na usiligawanye kwa kukisia.

Rejimenti ilirudi Saltville mwezi Desemba chini ya Jenerali George Stoneman, na safari hiyo viwanda vya chumvi viliharibiwa. Aya moja inatosha.

Siku zisizo na vita

Historia nyingi huruka kutoka pigano moja hadi jingine. Tazama badala yake tarehe 25 Januari 1865, wakati askari wapatao 80 wa Kombania E walipokuwa wakiswaga ng'ombe takriban 900 kutoka Camp Nelson kwenda Louisville. Karibu na Simpsonville walivamiwa kwa nyuma na wapiganaji wa msituni. Baruti ilikuwa imeharibika kwa unyevu na bunduki nyingi hazikulia. Wapatao 22 waliuawa. Hiyo ilikuwa kazi ya uchungaji, ya aina ambayo maafisa huitaja kwa mstari mmoja, na iliua watu wa kombania moja kwa muda mfupi kuliko mapigano mengi makubwa. Kwa hiyo soma amri za kila siku: nani alilinda daraja, nani alipeleka barua, nani alichunga.

Wajane na pensheni

Faili la pensheni ndilo lenye sauti za watu. Sheria ya mwaka 1862 iliwapa pensheni wajane wa waliokufa, lakini mjane aliyekuwa mtumwa hakuwa na cheti cha ndoa, kwa maana sheria za majimbo ya utumwa hazikuitambua ndoa yake. Baadaye ushahidi wa kuishi pamoja kama mume na mke ulikubaliwa, na ndipo majirani, wakunga, askari wenzake na hata waliokuwa mabwana walipoitwa kutoa maelezo mbele ya wachunguzi. Katika kurasa hizo utajua ni nani aliimba harusini, ni nani alimzika mtoto, na mume aliondoka shambani usiku gani. Soma kwa tahadhari, kwa kuwa kila shahidi alijua kwamba fedha inategemea maneno yake, na mchunguzi aliandika kwa maneno yake mwenyewe.

Kuandika

Badilisha maili na ratili ziwe kilomita na kilo mara moja tu, tangu mwanzo, ukiacha kipimo cha asili katika jedwali. Vyeo viandikwe kama tunavyovitumia: kanali, meja, kapteni, luteni, sajenti. Karatasi za wakati huo zimejaa matusi ya rangi. Yanukuu pale tu tusi lenyewe ni ushahidi, kama katika dhihaka za njiani kwenda Saltville. Usianze na Lincoln. Anza na mtu mmoja mwenye bahasha nene, umpeleke Camp Nelson, na vita vitamkuta huko.

Wala usimalizie Machi 1866, rejimenti ilipovunjwa. Kadi ya mwisho ya askari huonyesha deni lake la nguo, fedha anazodai, na kama alinunua silaha yake, jambo lililoruhusiwa kwa dola 6 kwa bunduki ndefu na dola 3 kwa upanga. Waweke walionunua silaha katika safu yao, utafute wangapi kati yao wanaonekana baadaye katika maombi ya pensheni na katika wilaya zipi.

Kabla ya kuchapisha, mpe mtu ambaye hakushiriki kazi hiyo jedwali lako lote, achague majina kumi apendavyo, na akuombe umwonyeshe kadi ya kila moja. Jina moja likikosa kadi, kombania yake yote ipitiwe upya.